Sadaka Isimvue Mpokeaji Nguo

Kuna mtindo ambao umeota mizizi katika makanisa yetu ya mijini. Kikundi cha akina mama au cha vijana huchanga pesa, kikanunua unga, sukari na mafuta ya kupikia, kisha kikafunga safari hadi kwa mjane fulani mtaani. Kabla hajakabidhiwa chochote, mjane huyo husimamishwa mlangoni, pakiti moja ya unga ikashikwa na mikono mitano, na picha ikapigwa. Kufikia jioni, picha hiyo imo katika simu za waumini wote na za majirani pia.

Wanaofanya hivyo si watu wabaya. Ukiwauliza, watakujibu kwamba wanatimiza Maandiko. Na kweli, katika Mathayo sura ya 5, Yesu anawataka wafuasi wake wasiifiche nuru yao, ili watu wakiona matendo yao mema wamtukuze Mungu. Lakini ukifungua sura ya 6, katika mafundisho yayo hayo ya mlimani, anawaonya wale wanaotoa sadaka ili wasifiwe na watu. Je, tushike lipi?

Kwa maoni yangu, mafundisho hayo hayapingani. La kwanza linahusu mwenendo wa kila siku, ambao majirani watauona tu hata usipotangazwa. La pili linahusu nia ya mtoaji. Tatizo letu ni kwamba tunabishana juu ya mtoaji na kumsahau mpokeaji.

Hebu mfikirie mwanafunzi wa sekondari ambaye kanisa limemlipia karo. Jumapili anaitwa mbele ya waumini, anapewa kipaza sauti ashukuru. Jumatatu wenzake darasani wanamwita mtoto wa msaada. Masomo atamaliza, lakini jina hilo ataondoka nalo.

Hata sheria inamlinda mtoto kama huyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi atoe idhini kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Mnamo Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini hiyo. Lakini niambie, msomaji: mzazi anayedaiwa karo ana nguvu gani ya kukataa picha, ilhali anayeiomba ndiye aliyeshika pesa?

Wapo watakaouliza: mambo yakifanywa kwa siri, pesa si zitaliwa? Swali hilo ni la haki, na mtume Paulo naye alilijua. Katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, aliwasifu hadharani Wakristo wa Makedonia waliochanga licha ya umaskini wao, ili awatie wengine moyo. Kisha akaeleza kwamba mchango utasafirishwa na watu walioaminiwa, ili asipatikane wa kulaumu. Angalia vizuri: alitangaza mchango na namna utakavyolindwa. Maskini waliokuwa wakichangiwa hakumtaja hata mmoja kwa jina.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Mweka hazina asimame aseme: tulichanga kiasi hiki, familia sita zilipata chakula, wanafunzi wanne walilipiwa karo, na baki ni hii. Risiti zikaguliwe na wazee wa kanisa. Karo ipelekwe moja kwa moja katika akaunti ya shule. Chakula kipelekwe na mtu mmoja au wawili ambao jirani amezoea kuwaona wakiingia nyumba hiyo. Hapo pesa zitakuwa mwangani, na uso wa mhitaji utabaki wake mwenyewe.

Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Anayeingia katika nyumba ya mwenye dhiki na kuona sufuria tupu amekabidhiwa siri kama ya mwosha. Basi kikundi chenu kikienda kumtembelea mtu juma hili, simu zikae mifukoni. Na kama ni lazima muwe na picha, pigeni ya risiti.