Kununua Motakaa Iliyokwisha Tumika

Mkulima apokeapo bonasi ya majani chai, au karani apewapo mkopo na chama cha ushirika, mara nyingi wazo limjialo kwanza ni kununua motakaa. Hilo si wazo baya. Gari hufikisha maziwa sokoni kabla hayajaharibika, na humfikisha mgonjwa hospitalini usiku. Lakini fedha hizo ni jasho la miaka mingi, na pengine ndizo karo ya watoto. Zikipotea kwa haraka ya siku moja, hazipatikani tena upesi.

Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, aendapo mnadani kununua ng'ombe wa maziwa, hadanganyiki kwa urahisi. Hutazama meno, hupapasa kiwele, huuliza ng'ombe amezaa mara ngapi na ametoka boma gani. Ngozi ing'aayo haimtoshi. Bali afikapo penye magari, akaona rangi iliyopigwa nta, huona haya kuuliza, akidhani ya kuwa maswali yatamfanya aonekane mshamba. Kuuliza si ujinga. Muuzaji mwema hapungukiwi na kitu aulizwapo. Na yule akasirikaye amekwisha kujibu.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni hati, wala si injini. Kwa Sheria ya Trafiki ya Kenya, mtu ambaye jina lake limeandikwa katika usajili ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Basi mnunuzi na achukue namba ya gari, atafute habari zake kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa njia ya mtandao wa serikali wa eCitizen. Ada yake ni ndogo. Aone jina la mwenye gari, tena aone kama benki au mkopeshaji ameandikwa pamoja naye. Maana gari lililowekwa rehani laweza kuchukuliwa hata kutoka kwa mtu aliyelilipia kwa nia njema. Kisha alinganishe namba ya chasisi iliyoandikwa katika logibuku na ile iliyogongwa katika chuma cha gari. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, na aende zake.

Jambo la pili ni gari lenyewe. Na likaguliwe na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, si fundi wa muuzaji. Fundi aikute injini ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi yake. Moshi wa buluu waonyesha kwamba oili yaungua. Moshi mweupe usiokoma waweza kuonyesha kwamba maji yaingia ndani ya silinda. Tairi zilizolika upande mmoja huenda zikaonyesha kuwa chuma kimepinda chini ya gari.

Magari mengi yaliyotumika yaletwayo Kenya hutoka Japani, na kanuni hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Hata hivyo, mita ya kilomita yaweza kurudishwa nyuma na mtu mjanja. Lakini ni vigumu zaidi kuficha kila alama ya mwendo. Mita ikisema kilomita 40,000, na huku mpira wa pedali umelika na usukani umekwanguka, mnunuzi aamini pedali.

Jambo la tatu ni gharama zifuatazo. Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kwa sheria. Petroli, tairi na vipuri havingoji mavuno. Atumiaye fedha zote katika kununua atakuwa na gari la kuegeshwa chini ya mti, kuku wakilala ndani. Heri gari dogo ambalo vipuri vyake hupatikana mji wa karibu.

Mwisho ni malipo. Mapatano na yaandikwe mbele ya mashahidi, na fedha zipitie benki. Muuzaji huanzisha uhamisho wa jina katika mtandao, naye mnunuzi huukubali. Gari lililouzwa halifai kutumika barabarani kupita siku 14 kabla mwenyewe mpya hajasajiliwa. Jambo hili ni kinga kwa wote wawili, kwa sababu likitokea baya barabarani, aulizwaye kwanza ni yule mwenye jina.

Aliyetimiza hayo yote ataliendesha gari lake kwa moyo mtulivu. Na mwenye shaka moja isiyojibiwa, na arudi nyumbani na fedha zake mfukoni, wala asione haya. Magari yatakuwako hata kesho.