Upasuaji wa Mgongo kwa Tundu Dogo: Nani Aukubali?

Mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya ubao tangu asubuhi hadi alasiri hushikwa siku moja na maumivu yaanziayo kiunoni, yakapita takoni na kushuka hadi wayoni. Baada ya kupigwa picha huambiwa kuwa diski imechomoza na kuubana mshipa wa fahamu. Kisha huambiwa kwamba siku hizi yako matibabu ya tundu dogo, na kwamba huenda akarudi nyumbani siku ya pili yake. Jamaa huanza kuhesabu fedha, pengine hata shamba likatiwa bei. Maneno hayo mawili, "tundu dogo", yamekwisha kuamua kabla ya mgonjwa mwenyewe kuamua.

Hapo ndipo penye kosa. Udogo wa chale ni sifa ya njia ya kuingilia mwilini. Haulijibu swali la kwanza, yaani kama kuna haja ya kuingia.

Baina ya pingili na pingili ya uti wa mgongo mna mto wenye ukingo mgumu wa nyuzinyuzi na kiini laini. Ukingo ukipasuka, kiini husukumwa nje kikaugandamiza mzizi wa mshipa wa fahamu. Jambo hilo lilielezwa na Mixter na Barr, madaktari wa Boston, Marekani, mwaka 1934, na tangu hapo wapasuaji wamekuwa wakikitoa kipande kilichochomoza. Katika miaka ya 1970 hadubini iliwawezesha kupunguza jeraha. Mwaka 1997 Foley na Smith wakaeleza njia ya kupitisha mrija na kamera baina ya misuli, bila kuibandua mfupani. Ni ufundi wa kusifiwa.

Lakini mwili nao haulali. Mara nyingi kipande hicho hunywea chenyewe, kikiliwa na chembe za kinga, na maumivu ya mguu yakapungua katika muda wa wiki au miezi. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walitoa taarifa ya wagonjwa 283 walioteseka kwa wiki 6 hadi 12. Baadhi walipangiwa kupasuliwa mapema. Wengine walingoja, wakipasuliwa tu ikiwa maumivu yamekataa kuondoka, na asilimia 39 ya hao walipasuliwa kabla ya mwaka kwisha. Mwishoni mwa mwaka, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Tofauti ilikuwa katika mwendo: wiki 4 hivi kwa waliopasuliwa mapema, na 12 kwa waliongoja.

Kilichonunuliwa kwa kisu, basi, ni wakati. Kwa mchukuzi wa bandarini, au mkulima ambaye mvua zimemkuta kitandani, wiki 8 ni njaa, na ana haki ya kuchagua kisu. Mwenye likizo na mshahara anaweza kuona vinginevyo. Uamuzi huo ni wa mgonjwa. Kazi ya daktari ni kumpa hesabu kamili, pamoja na hatari za maambukizo na za diski kuchomoza tena, ambazo udogo wa tundu hauziondoi.

Tena, mwaka 2009, huko huko Uholanzi, njia ya mrija ililinganishwa na upasuaji wa kawaida wa hadubini kwa wagonjwa 328. Mrija haukuharakisha kupona. Baada ya mwaka mmoja, waliofanyiwa kwa mrija walikuwa na maumivu zaidi kidogo.

Picha nayo isiaminiwe peke yake. Mwaka 1994 watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa picha za usumaku huko Marekani. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyotuna katika pingili moja au zaidi. Picha isiyolingana na dalili za mguu haimtoshi mpasuaji makini.

Yuko mgonjwa mmoja asiyehusika na subira hii yote: aliyepoteza hisia sehemu za siri, aliyeshindwa kukojoa au kuzuia haja, au ambaye miguu yake inalegea upesi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na ukubwa wa tundu usijadiliwe.