Kamera za Kioo Zisitupwe Upesi

Ofisa habari atokaye Geita kwenda kisiwani Izumacheli kupiga picha za zahanati inayojengwa aweza kuangushwa na kitu kidogo kuliko wimbi au mvua, nacho ni betri. Twalitaja jambo hili kwa kuwa kamera zinazosifiwa leo kuwa za kisasa zaidi hula umeme kuliko zilizotangulia. Wale wanaoandika orodha za ununuzi serikalini hawana budi kulijua kabla hawajatia sahihi.

Katika kamera ya zamani, kioo kilichomo ndani humwonyesha mpiga picha kile lenzi inachokiona, bila kutumia umeme. Katika kamera isiyo na kioo, kihisi cha picha na skrini hufanya kazi wakati wote. Kwa kipimo kimoja cha chama cha watengenezaji wa Japani, Nikon D750 ya mwaka 2014 yapata picha 1,230 kwa betri moja. Nikon Z6 ya mwaka 2018 yapata 310. Kijijini ambako betri huchajiwa kwa sola ya jirani, tofauti hiyo ni ya siku nzima ya kazi.

Mageuzi haya hayakuletwa na haja ya wavuvi wala wachimbaji. Yaliletwa na vita vya soko. Panasonic ilitoa kamera ya namna hiyo mwaka 2008, Sony ikafuata na A7 mwaka 2013, na wakubwa wawili, Nikon na Canon, wakasitasita kutoa zenye kihisi cha fremu nzima hadi Agosti na Septemba 2018. Wakati huohuo simu za mkononi zilikuwa zimewanyang'anya wateja: kamera za dijitali zilizopelekwa madukani duniani mwaka 2010 zilizidi milioni 120, mwaka 2021 zilikuwa kama milioni 8 tu. Anayegombania kilichosalia hana budi kumshawishi mwenye kamera nzima anunue nyingine, pamoja na lenzi zake, kwa maana mdomo wa kamera umebadilishwa. Adapta zipo, ni kweli. Lakini lenzi nyingi za zamani za Nikon zisizo na mota yake, zikifungwa kwa adapta ya FTZ, itabidi zilengwe kwa mkono.

Tena liko vumbi. Mtu aliyebadilisha lenzi kando ya barabara ya Kahama wakati wa kiangazi anatuelewa. Kwenye kamera ya kioo, kioo na pazia hukikinga kihisi. Kwenye nyingi zisizo na kioo, kihisi hubaki wazi. Canon iliona kasoro hiyo, ikaifanya EOS R ifunge pazia inapozimwa.

Hatusemi kamera mpya ni mbaya. Hupiga kimya kimya, jambo la heshima msibani na kanisani, na mpiga picha huona mwanga wa picha kabla hajaipiga, faida kubwa penye jua kali la ziwani. Mwenye studio ya harusi mjini Shinyanga, mwenye umeme na wateja, ana sababu ya kuinunua. Kijana wa Katoro anayeanza na mtaji mdogo atafanya vema kutafuta kamera ya kioo ya mtumba, wakati matajiri wa nchi nyingine wanapoziuza. Aulize kwanza imepiga picha ngapi, kwa kuwa pazia nalo huchakaa.

Kwa maofisa wa halmashauri, hasa wanaohudumia visiwa, twatoa ombi mahsusi. Orodha ya kamera mpya iwe na betri tatu au nne za akiba, chaja inayokubali sola, na adapta, vyote vikiwa ndani ya bei inayolinganishwa. Na lenzi zilizomo makabatini zihesabiwe na kujaribiwa kabla fomu ya ununuzi haijajazwa, zisije zikapigwa mnada pamoja na viti vilivyovunjika.