Lushoto Inastahili Zaidi ya Siku Moja

Utalii ukitajwa, Watanzania wengi hufikiria Serengeti, Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar. Lushoto, mji tulivu wa Usambara Magharibi mkoani Tanga, husahaulika, ilhali uko kilomita 33 hivi tu kutoka Mombo, kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha. Njiani yapo maporomoko ya Soni. Jirani na mji lipo genge la Irente, linalotazama nyika ya Umasai, na msitu wa Magamba, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki yenye mimea na viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Hayo yote hufikiwa kwa miguu au bodaboda, bila gharama za safari ya mbugani.

Wapo wanaohofia kwamba wageni watauua utulivu wenyewe. Hofu hiyo ina msingi, lakini kilichopunguza misitu ya Usambara ni ukataji miti na upanuzi wa mashamba, si nyayo za watalii. Mgeni anayelala siku kadhaa, akaongozwa na kijana wa pale na kula mazao ya wakulima Wasambaa, humpa mwenyeji sababu ya kuulinda msitu. Tuihimize ziara ya namna hiyo: wageni wachache, wakaao muda mrefu, na fedha zao zibaki mlimani.