Gari Langu Limepunguziwa Umri, na Mimi Nakataa

Nimepotea kwa wiki kadhaa, na wanaonifahamu wanajua nilikokuwa: nimekuwa nikizunguka yadi za magari Ngong Road kama mtu aliyepoteza mtoto. Leo sitaandika juu ya programu. Au tuseme nitaandika juu ya hifadhidata, ila ni hifadhidata ndogo kuliko zote nilizowahi kukutana nazo kazini, nayo ndiyo inayotuibia pesa mchana kweupe.

Kwa miaka mitano nimeendesha Suzuki Swift Sport ya mwaka wa 2012. Injini ya lita 1.6 isiyo na tabo, gia sita za mkono, farasi 136, uzito wa kilo 1,050 hivi. Kigari kidogo, kiti cha nyuma cha kuwekea mkoba wa tarakilishi na shemeji mwembamba, lakini kwenye kona kilikuwa na adabu ambayo sijaiona kwa magari ya bei mara mbili. Kisha nikaingiwa na tamaa. Nilitaka Subaru Impreza WRX STI, ile ya milango mitano iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2007: lita 2, tabo, farasi 308.

Kabla hujanicheka na foleni za Nairobi, nipe aya moja nijitetee. Namba za farasi unazosoma kwenye karatasi ni za hewa ya karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupumua hewa iliyopo tu, kwa hiyo inapoteza karibu asilimia 18 ya nguvu zake. Wale farasi 136 wa Mombasa wakifika Nairobi ni kama 110. Wengine wamebaki Mtito Andei. Tabo ni kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nacho husindilia hewa ndani, hivyo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kupanda Limuru ukiwa na tabo na kupanda bila tabo ni mambo mawili tofauti. Basi. Mjadala wa tamaa umeisha, sasa twende kwa wezi.

Yadi ya kwanza walikuwa na STI ya buluu, imepigwa nta ikang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye boneti. Dashibodi inasema kilomita 71,000. "Bosi, hii ilikuwa ya daktari," muuzaji akaniambia. "Ilikuwa inaenda kazini na kanisani tu." Nikaomba kuchomeka kidude changu cha ELM327 kwenye tundu la OBD chini ya usukani. Ni kidude cha bei ya chakula cha mchana, kinaongea na rununu kwa Bluetooth, na kinasoma kile ambacho tarakilishi ya injini iko tayari kukisema.

Kodi za hitilafu: hakuna hata moja. Safi sana, sivyo? Lakini ukiuliza zaidi, mfumo wa OBD una maswali mengine ambayo wengi hawajui yapo. Unaweza kuuliza gari limetembea kilomita ngapi tangu kodi zilipofutwa. Jibu: 3. Injini imepata moto mara ngapi tangu hapo? Mara 1. Na vile vipimo vya kujikagua ambavyo tarakilishi huvifanya yenyewe gari likiendeshwa siku kadhaa? Vingi havijakamilika. Kwa maneno mengine, kuna mtu alifuta kumbukumbu asubuhi hiyo, akalizungusha gari mtaa mmoja, akaliegesha na kunisubiri.

"Betri ilikuwa imekufa, bosi, tukaitoa." Kwa haki, kutoa betri kunaweza kufuta mambo hayo pia, kwa hiyo kidude peke yake hakitoshi kumfunga mtu. Lakini raba ya klachi ilikuwa imelika mpaka chuma kinachungulia. Ngozi ya usukani imekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Daktari gani huyu anayemaliza raba ya klachi kwa kilomita 71,000? Au alikuwa anatibu wagonjwa kwa kutumia mguu wa kushoto?

Nikaondoka. Na kama tungekuwa tunazungumzia Swift, pengine ningeishia kukasirika tu. Injini ya Swift ile inatumia cheni ya taimingi, na cheni ikitiwa oili safi kwa wakati huvumilia miaka mingi. Injini ya EJ20 ya STI inatumia mkanda, na kwa ratiba ya Japani mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali na pistoni hugongana, na injini ndiyo imekwenda. Sasa fikiria kijana aliyeweka akiba miaka mitatu, akanunua ile STI ya buluu. Anasoma 71,000. Anajiambia ana kilomita 29,000 kabla ya kuufikiria mkanda. Kumbe mkanda ulipita muda wake zamani, naye yuko Salgaa, anapita lori, na nyuma yake kuna basi. Anayebadilisha namba ile amebadilisha tarehe ambayo mtu mwingine atafungua boneti.

Hii ndiyo tofauti ya magari ya nguvu ambayo wenye yadi hawataki tuizungumze. Gari la kawaida la kwenda sokoni likidanganya umri, unaibiwa pesa. Gari la farasi 308 likidanganya umri, unaendesha kwa kasi kitu usichokijua. Tabo, klachi, breki, mkanda, vyote vina ratiba, na ratiba zote zinaanza na namba moja.

Na namba hiyo inakaa wapi? Katika dashibodi nyingi za miaka hiyo inakaa ndani ya chipu ndogo ya miguu minane. Moja ya chipu zilizotumika sana katika kazi hiyo, 93C56, ina nafasi ya baiti 256. SMS moja ni baiti 140. Yaani daftari lote la maisha ya gari, ambalo bei yake inaweza kuwa mamilioni ya shilingi, lingeweza kukaa ndani ya SMS mbili na nafasi ibaki. Hakuna historia humo. Hakuna orodha ya nani aliandika nini lini. Ukiandika namba mpya, ya zamani imekufa. Kama mwanafunzi wangu angeniletea mfumo wa benki uliojengwa hivyo, ningemrudisha darasa la kwanza. Lakini sisi tunauza na kununua magari kwa mfumo huo kila siku, tena tunashikana mikono.

Yadi ya pili nilipata STI nyingine. Kijivu, kilomita 138,000, mkwaruzo kwenye bampa, haikupigwa nta. Ilikuwa na risiti ya mkanda uliobadilishwa ikiwa na 101,000. Kidude changu kikaonyesha kodi hazijafutwa kwa zaidi ya kilomita 2,000. Nikaipenda hapohapo. Tukakubaliana: watachukua Swift yangu, nami nitaongeza pesa.

Swift ilikuwa imetembea kilomita 163,412. Nilikuwa na faili nzima ya risiti, oili kila kilomita 5,000 bila kukosa, kila plagi, kila breki. Nilidhani faili hilo ni pesa. Meneja hakulifungua. Alichungulia dashibodi, akafyonza meno, akakata bei. "Bosi, mteja akiona mia na sitini anakimbia." Nikanung'unika, nikakubali, nikaacha faili kwenye kiti cha abiria ili mwenye gari mpya alikute.

Wiki tatu baadaye nikaona tangazo. Swift Sport nyekundu, imetunzwa vizuri. Picha ya tatu inaonyesha mkwaruzo chini ya taa ya nyuma ya kushoto, ule niliouweka mwenyewe kwa lango la nyumbani. Picha ya tano ni dashibodi: 84,020.

Nilihesabu. Kilomita 79,392 zimepotea. Hiyo ni karibu kuizunguka dunia mara mbili. Nilizunguka dunia mara mbili kwa gari lile, nikalipia petroli yote, na kuna mtu amenifutia safari.

Nikapiga simu. "Bosi," meneja akaniambia kwa upole kabisa, "hiyo gari si yako tena." Faili la risiti? Halionekani. Bila shaka halionekani!

Najua utetezi wao, nimeusikia wote. Ati kila mtu anafanya. Ati muhimu ni hali ya gari wala si namba. Kama namba si muhimu, mbona mnaigusa? Utetezi ulioniuma ni mmoja tu, kwa sababu una ukweli: wateja ndio wanataka. Ni kweli. Swali la kwanza tunalouliza ni "imetembea ngapi?" na tunalipa zaidi kwa jibu dogo, hata likiwa halina karatasi. Mimi mwenyewe niliponunua Swift niliuliza hivyohivyo, nikaambiwa 58,000, nikafurahi, sikuomba hata cheti kimoja. Leo sijui kama 163,412 yangu ilianza na ukweli. Sisi wanunuzi tumeweka oda ya uongo, nao wanatuletea.

Lakini mteja kuutaka uongo hakuufanyi uongo kuwa halali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi. Sheria tunazo. Tunachokosa ni ushahidi, na ushahidi upo, ila umetawanyika.

Tazama njia ya gari moja. Japani, gari dogo la binafsi hukaguliwa likiwa na miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilomita za siku ya ukaguzi huandikwa kwenye cheti. Kabla ya kupanda meli kuja kwetu hukaguliwa tena kwa masharti ya KEBS. Likifika, ukitaka bima kubwa, mthamini analiangalia na kuandika kilomita kwenye ripoti yake. Gereji inaandika kwenye risiti. Kila mmoja ana kipande chake, na kila kipande kiko kabatini. Ukifanya sachi ya gari leo unaona mwenyewe ni nani, chesisi ni ipi, na kama kuna benki inalidai. Kilomita huoni.

Ubelgiji walikuwa na ugonjwa huuhuu. Tangu 2006 wana Car-Pass: gereji zinalazimika kutuma kilomita za kila gari zinalolihudumia, na anayeuza gari lililotumika lazima ampe mnunuzi karatasi yenye orodha ya vipimo hivyo na tarehe zake. Namba ikishuka, inaonekana. Hakuna uchawi hapo.

Na tafadhali, mtu asiniletee blokucheni hapa. Jedwali moja lenye safu nne linatosha: chesisi, tarehe, kilomita, aliyesoma. Unaruhusiwa kuongeza mstari, huruhusiwi kufuta. Yeyote aliyewahi kutumia Git anaelewa wazo hili. Uhamisho wa umiliki tayari tunaufanya kwenye eCitizen. Ongezeni kisanduku kimoja cha kilomita na picha ya dashibodi, wathamini wa bima watume zao, na mnunuzi aone orodha nzima anapofanya sachi. Ni kazi ambayo vijana wawili wanaweza kuimaliza kabla ya mvua za vuli. Wenye yadi waaminifu wanapaswa kuwa wa kwanza kuidai, kwa sababu sasa hivi gari lao la 138,000 limeegeshwa kando ya "71,000" ya jirani na linaonekana bovu.

Hadi siku hiyo, chomekeni kidude, angalieni raba ya klachi, na muulize cheti cha Japani kabla ya kuuliza bei. Anayekuambia kimepotea, mwache nacho.

STI inaendelea vizuri, asanteni kwa kuuliza. Inakunywa petroli kama harusi ya Wajaluo, lakini inakunywa kwa jina lake halisi. Kuhusu Swift, nilikuwa nimepiga picha za risiti zote kabla ya kuziacha, na bado ninazo. Kwa hiyo kama umenunua, au unakaribia kununua, Swift Sport nyekundu ya 2012 yenye mkwaruzo chini ya taa ya nyuma ya kushoto, niandikie barua pepe. Nitakutumia faili lote bure. Oili ya mwisho iliwekwa ikiwa na 161,000, kwa hiyo fanya sevisi kabla hujaenda mbali.