MZEE HAHITAJI "OMBA TU". ANAHITAJI HARUNI NA HURI

Leo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna fundisho limezoeleka makanisani mwetu, na ni fundisho bovu. Mama wa miaka 65 anakuja mbele. Halali usiku, presha imepanda, moyo unaenda mbio. Tunamwekea mkono kichwani dakika moja na kumwambia, "Mama, aliyeokoka hana mawazo. Omba tu." Kisha tunasonga kwa mwingine. Hakuna anayemuuliza anaishi na nani.

Hiyo si imani. Ni uvivu uliovaa nguo za imani.

Ukikutana na nyoka njiani, moyo unapiga kwa kasi, presha inapanda, sukari inaongezeka kwenye damu ili upate nguvu ya kukimbia. Nyoka akienda, mwili unatulia. Muumba aliupanga hivyo kwa hekima. Lakini kuna watu ambao nyoka wao hajaondoka kwa miaka 30: madeni, ndoa ya ngumi, kesi ya shamba, mtoto mgonjwa, kinyongo na ndugu wa tumbo moja. Mwili ulioumbwa kukimbia dakika chache unakimbia miaka 30! Mishipa ya damu inachakaa, usingizi unapotea, kinga inashuka. Uzeeni deni lote linadaiwa.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, akiwemo Elizabeth Blackburn aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, waliwapima akina mama, wengi wao wakilea watoto wenye magonjwa ya kudumu. Wale waliolemewa zaidi na mawazo, chembe za damu yao zilionyesha uchakavu wa kama miaka 10 kuwazidi wale wenye mawazo machache. Mwaka 2010 wengine wakakusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000. Waliokuwa na watu wa karibu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai, kwa asilimia 50, kuliko waliokuwa wapweke.

Usishangae. Sulemani aliunganisha moyo na mifupa zamani sana. Soma Mithali 17:22. Daudi naye alisema alipofungia mambo ndani, mifupa yake ndiyo iliyoumia. Soma Zaburi 32:3.

Sasa fungua Kutoka 17. Musa ana miaka 80 hivi. Ameongea na Mungu kwenye kijiti cha moto, ameona bahari ikigawanyika, na bado mikono yake inachoka. Je, kuna aliyemwambia, "Musa, omba tu"? Alikuwa mlimani tayari, fimbo ya Mungu mkononi! Haruni na Huri walitafuta jiwe wakamkalisha, wakashika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likatua. Na kumbuka Haruni alikuwa mkubwa wa Musa kwa miaka mitatu. Mzee alimshika mzee. Wewe kijana unasema huna nafasi?

Utaniambia, "Pasta, mimi natuma pesa kila mwezi." Asante. M-Pesa inanunua dawa ya presha, lakini haimkumbushi mama kuimeza. Haiketi jikoni ikasikiliza hadithi ileile mara ya tano.

Wengine mnapanda mbegu ya elfu kumi madhabahuni, na mama hajaona uso wenu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Soma Marko 7 kuhusu Korbani, uone Yesu alivyowakemea waliotumia sadaka kuwakwepa wazazi. Nalisema hili hata kama kikapu cha Jumapili kitapungua.

Akifa, ndani ya saa moja kuna kikundi cha WhatsApp chenye watu 200. Kamati ya mazishi, mahema, basi la kukodi, jeneza la bei. Watu 200! Walikuwa wapi alipokuwa akila ugali peke yake?

Na wewe mzazi unayesoma haya, samehe. Kusamehe si kurudi kwenye ngumi. Ni kukataa kubeba mtu ndani ya mishipa yako. Dawa za daktari usiziache, na kliniki uende. Kwenye ushirika wa nyumbani pia uende, hata kama magoti yanauma. Na kama huwezi kutembea, sema, tuje sisi.

Kazi ya wiki hii: chagua mzee mmoja. Usimpigie simu. Nenda. Keti. Muulize analala vipi, anakula na nani, ni nini kinamlemea. Msikilize mpaka amalize, ndipo muombe pamoja.

Usiandike AMINA hapa chini kabla hujaenda. Ukirudi, andika.

Mungu awape wazee wetu mikono ya kuwashika mpaka jua litue.

Ni mimi pasta wako, ninayekupenda.