Kuchagua gemu nako ni kupanga

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona kuwa ni la watoto. Jambo lenyewe ni namna tunavyochagua gemu za kucheza majumbani mwetu katika mashine za kuunganishwa na televisheni. Mimi sikubali kwamba ni la watoto, kwa sababu fedha inayotumika ni ya wazazi, saa zinazotumika ni za familia nzima, na ugomvi unaozuka huwanyima usingizi watu wazima.

Mimi ni mtumishi, nina mke na watoto wawili, mvulana wa miaka 15 na msichana wa miaka 12. Tunaishi na mama yangu mzazi, ambaye alihamia kwangu mwaka jana baada ya baba kufariki dunia. Mashine tunayo moja, PlayStation 5, na pedi mbili. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba mimi mwenyewe ni mchezaji. Nilijifunza katika kibanda cha mtaani, mahali ambapo ulilipia mechi moja, na ukifungwa unainuka kumpisha mwenzio. Kwa hiyo siandiki barua hii kuwalaani wachezaji. Kosa nitakalolieleza ni langu.

Jioni moja mwanangu aliniletea ombi la gemu mpya ya mpira wa miguu. Kabla ya kumjibu nilifungua kabati lililo chini ya televisheni. Nilikuta gemu kumi na moja. Katika hizo tulikuwa tumemaliza mbili tu. Mbili nyingine zilikuwa bado zimo ndani ya nailoni yake, hazijafunguliwa. Na tatu zilikuwa za mpira wa miguu, za mfululizo ule ule, za miaka mitatu iliyofuatana. Nilipiga hesabu ya fedha niliyotoa, nikaona ingetosha kuwanunulia watoto wote wawili sare na viatu vya shule, na chenji ikabaki.

Nikamwuliza mwanangu, hii mpya ina nini ambacho ya mwaka jana haina? Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Baba, wachezaji wamehama timu."

Ndugu Mhariri, jibu lile lilinichekesha, lakini pia lilinitia aibu, maana aliyekuwa akitoa fedha miaka yote mitatu bila kuuliza swali hilo ni mimi. Mfululizo huo ulianza mwaka 1993 kwa jina la FIFA, na tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC. Kila mwaka hutoka mpya. Sisemi kwamba ni gemu mbaya, hata mimi ninaipenda. Lakini mtu hanunui godoro jipya kila mwaka eti kwa kuwa shuka zimebadilika rangi.

Maoni yangu ni kwamba wengi wetu hatuchagui gemu, ila tunachaguliwa na matangazo. Tukisikia jina kubwa tunafungua pochi. Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa gemu ya E.T., iliyotokana na filamu ya Steven Spielberg iliyokuwa imevuma mwaka ule ule. Kwa kuwa walitaka kuiwahi Krismasi, fundi aliyeitengeneza alipewa majuma matano tu hivi. Watu waliinunua kwa sababu ya jina, walipoicheza wakaona haifai. Shehena iliyokosa wanunuzi ilikwenda kufukiwa jalalani huko Alamogordo, katika jimbo la New Mexico, mwaka 1983, na mwaka 2014 watu walikwenda kuifukua kwa ajili ya filamu. Hayo ndiyo mavuno ya kununua jina.

Sasa basi, tuchague vipi? Tulikwisha kufundishwa katika nchi hii kwamba kupanga ni kuchagua. Mimi naona yapo mambo manne ya kutazama kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni muda. Gemu zinatofautiana kwa urefu kama safari zinavyotofautiana. Ipo Journey ya mwaka 2012, ambayo mtu aweza kuimaliza kwa jioni moja. Ipo Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018, ambayo hadithi yake peke yake huchukua saa 50 hivi. Mtu mwenye kazi, anayepata saa mbili Jumamosi na saa mbili Jumapili, itamchukua miezi mitatu. Akinunua tatu za namna hiyo kwa mpigo, amekwisha kujaza miezi tisa ya maisha yake, na hapo hajaugua wala hajapata msiba. Hesabu hii ndogo ingeniokoa mimi na zile mbili zenye nailoni.

La pili ni subira. Mwezi Desemba mwaka 2020 ilitoka Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt ya Poland. Ilikuwa imesubiriwa kwa miaka mingi. Katika PlayStation 4 ilikuwa na hitilafu nyingi mno hata Sony wakaiondoa katika duka lao mwezi ule ule, na haikurudi hadi Juni 2021. Baadaye ilitengenezwa vizuri, na waliosubiri wakaipata ikiwa nzuri zaidi na kwa bei nafuu zaidi. Gemu haichachi kama maziwa. Na kwa kuwa PlayStation 5 yenye sehemu ya diski hucheza pia diski nyingi za PlayStation 4, diski iliyotumika ya miaka mitano iliyopita bado ni mali. Ukiimaliza unaweza kumwazima jirani, naye akakuazima yake.

La tatu ni kuuliza gemu inategemea nini ili iweze kuchezeka. Zipo ambazo hazichezeki mpaka ziunganishwe na mitambo ya kampuni. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, ilitoka mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo yake ilizimwa, na siku hiyo hata mwenye diski mkononi akawa hawezi kuicheza. Mzazi anayenunua gemu ya namna hiyo na ajue kwamba anakodi, wala hamiliki.

La nne, ambalo kwangu limekuwa kubwa kuliko yote, ni kuuliza nani atakaa mbele ya televisheni. Juu ya kasha la gemu za Ulaya pana tarakimu ya umri, kuanzia 3 hadi 18, nazo gemu za Marekani zina herufi zenye kazi hiyo hiyo. Wazazi wengi hatuisomi. Tena ukiacha umri, katika nyumba yangu gemu zote zilikuwa zikichaguliwa na wanaume wawili. Binti yangu alikuwa akikaa pembeni na kutazama, na mimi nilidhani hapendi.

Baada ya kufunga lile kabati niliitisha kikao cha nyumba. Kila mtu alipewa haki ya kupendekeza gemu moja na kueleza sababu zake. Mwanangu alipendekeza mpira. Mimi nilipendekeza Red Dead Redemption 2, na mke wangu akanikumbusha kwa upole kwamba nina saa nne kwa wiki, na kwamba kasha lake limeandikwa 18. Nikanyamaza. Ndipo binti yangu akasema kwamba amesikia shuleni kuna gemu inayozungumza Kiswahili.

Nilidhani ni maneno ya watoto. Kumbe ni kweli. Inaitwa Tales of Kenzera: Zau, nayo ilitoka mwezi Aprili mwaka 2024. Iliongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliitunga kutokana na uchungu wa kufiwa na baba yake. Ndani yake kijana mganga, Zau, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, akiomba arudishiwe baba yake, naye anapewa masharti ya kukamata mizimu mitatu mikubwa. Mchezaji huweza kuchagua sauti za Kiswahili. Ilitoka kwa bei ya dola 20 hivi, wakati gemu nyingi kubwa siku hizi hutoka kwa dola 70. Aliyeisambaza ni Electronic Arts, kampuni ile ile ya mpira. Basi kampuni haina kosa peke yake. Chakula kilikuwapo mezani, ila sisi tulikuwa tunapakua sahani moja tu.

Tuliinunua, tukaipakua usiku. Siku ya kwanza binti yangu alishika pedi, kaka yake akawa anamwelekeza. Mama alikuwa chumbani. Aliposikia Kiswahili kinatoka katika mashine ambayo kwa miaka yote ilikuwa ikipiga kelele za kigeni, alitoka na kanga yake begani akauliza, "Huyo kijana analilia nini?" Binti yangu akamjibu, "Bibi, anamlilia baba yake." Mama alivuta kiti akakaa. Kila Jumamosi na Jumapili alikuwa akiuliza kama Zau amefika wapi.

Tangu tulipomzika marehemu, nyumbani kwangu hakuna aliyekuwa akimtaja mbele ya mama kwa kuogopa kumliza. Jumapili ya pili mwanangu alimwuliza bibi yake kama naye alitamani babu arudi. Mama alizungumza mpaka chakula kikapoa. Siwezi kusema gemu iliponya kitu. Nasema tu kwamba mazungumzo yale hatukuwa tumeyapata kwa miezi kumi.

Najua wapo watakaoniambia kwamba gemu ni starehe, na starehe haihitaji kikao. Nawajibu kwamba hata pilau ni starehe, lakini hakuna anayelipika bila kuhesabu watu. Mwanangu naye alikuwa na hoja ambayo ni lazima niieleze kwa haki. Alisema kwamba rafiki zake wote huhamia mpira mpya, na anayebaki katika wa zamani hukosa wa kucheza naye kwa mtandao. Hilo ni kweli. Tumekubaliana kwamba mpira tutanunua mmoja baada ya kila miaka miwili, tena baada ya bei kushuka, na ule wa zamani tutauuza kwanza. Hakufurahi sana, lakini amekubali.

Kwa hiyo natoa wito kwa wazazi wenzangu, fungueni makabati yenu kabla ya kwenda dukani. Vijana, jifunzeni kueleza kwa nini mnataka gemu fulani, na jibu la kwamba ni mpya lisitoshe. Nanyi wenye vibanda, wekeni angalau gemu moja ambayo mtoto mgeni aweza kuingia akaicheza bila kufungwa mabao saba na kuinuliwa kitini.

Sisi tumemaliza Zau wiki iliyopita. Gemu itakayofuata tumekwisha kuipigia kura, na safari hii hatukutoa hata senti. Ni mojawapo ya zile mbili zenye nailoni.



Mzazi Mchezaji,
Morogoro.